Ukuni wa Kuombea Moto

Simu iliita wakati Atai amekwisha kudondosha dawa ya kwanza. Aliiweka pipeti kwenye kishikio chake, akavua glavu ya mkono mmoja, akapokea huku macho yakiwa kwenye skrini. Mstari wa kijani wa kupimia pumzi ya seli, uliokuwa umepanda vizuri tangu asubuhi sasa ulikuwa unashuka.

“Dada,” alisema Among, mdogo wake, kutoka Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu. “Moto yangu imekufa.”

“Imekufa vipi?”

“Imekufa tu. Kuni kavu, upepo hakuna. Maji ya posho ilikuwa karibu kuchemka. Nimepuliza mpaka kichwa inazunguka.”

Atai aliutazama mstari. Ulikuwa umefika chini, umelala. Kijisahani kilichokuwa ndani ya mashine kilibandikwa jina la Among, maana siku hiyo ilikuwa zamu ya damu yake kupimwa.

“Ngoja kidogo,” alisema. Akavaa glavu tena, akadondosha dawa ya pili, ile ya kufungulia. Mstari uliruka.

“Imewaka,” Among alisema. Kisha, baada ya kitambo: “Sasa imezidi. Dada, punguza, inakula sufuria.”

Atai akaongeza matone ya maji yale yanayolisha seli, mstari ukatulia katikati. Among alishukuru, akakata simu, akaendelea kupika ugali wake.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba moto wa majiko ya Tiira ulikuwa umehamia kwenye maabara moja ya Tororo, juu ya meza ya tatu, karibu na dirisha. Profesa Okia, mkuu wa maabara, aliposimuliwa aliuliza kama mashine ilikuwa imesawazishwa wiki hiyo. Alipojibiwa kuwa ilikuwa imesawazishwa, alisema basi jambo hilo liingizwe kwenye ripoti chini ya athari zisizotarajiwa, akarudi kwenye chai yake.

Kosa lilikuwa la Atai mwenyewe, na alilijua. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vitu vidogo sana viitwavyo mitokondria. Humo ndimo chakula kinamochomwa kwa pumzi tunayovuta, nguvu ikapatikana: ya kubeba jiwe, ya kukohoa, ya mtoto kugeuka tumboni. Kila mtu huvipata kwa mama yake peke yake. Baba hachangii hapo hata chembe, ajigambe anavyojigamba. Atai alikuwa ametumia miaka yake yote ya usomi kutafuta ni nini kinachovipandisha na kuvishusha, na sasa alitaka kujua zebaki inavifanya nini. Wanawake wa Tiira walikuwa na zebaki ya kutosha. Waliisugua na mchanga wa dhahabu ndani ya karai kwa viganja vyao, kisha donge jeupe lililopatikana wakalichoma motoni hadi zebaki iruke na dhahabu ibaki.

Mchana wanawake hao hawashikiki. Wako mashimoni, au wanaponda mawe, na ukimtoa mtu hapo kwa ajili ya sindano utakuwa umemnyima chakula cha jioni. Kwa hiyo Atai aliwafuata majikoni jua likizama, akawatoa damu wakiwa wamekaa kando ya mafiga, akaitia mirija ndani ya boksi la barafu, akaondoka. Aliacha sabuni, kama mradi ulivyoelekeza.

Sabuni si ukuni. Atai alizaliwa Molo, nje ya Tororo, na huko kwao mtu akija kuomba moto huja na ukuni kutoka jikoni kwake, akauacha, kisha ndipo akachukua kaa la moto na kwenda zake. Mama yao, marehemu Akurut, alikuwa akiwarudisha watu mlangoni kwa jambo hilo, hata majirani, hata siku ya mvua. Atai alikuwa ameliona hilo utoto wake wote. Lakini ukishazoea boksi la barafu unasahau mengine. Alikwenda kuchukua kitu kinachowaka ndani ya watu, karibu na moto wao, jioni, mikono mitupu. Moto ukamfuata.

Seli za damu hazidumu sana nje ya mwili. Hizi zilidumu, kwa kuwa hakuna aliyeziambia zife, na wanawake wakazoea. Mama Sydney, jirani yake Among, alikuwa akipiga simu asubuhi akitaka moto wa uji, na alasiri akitaka moto wa maharagwe, mdogo lakini wa kudumu.

“Daktari, leo yangu iko chini sana. Hii maharage itaiva Pasaka.”

“Nakupandishia, Mama Sydney.”

“Na ya Felistus punguza. Anajivuna.”

Atai alipandisha, alipunguza. Alichoka, lakini hakulalamika, maana akijiuliza nani kayataka, jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti chake.

Ila matokeo yalimtoa jasho. Seli za wanawake wote wa Tiira zilikuwa zikihema kwa shida, na za Among ndizo zilizokuwa chini kuliko zote. Alipima mara nyingi, akabadilisha dawa, akabadilisha vijisahani, akawalaumu vijana wa usafi. Mstari wa Among ulibaki pale pale, mfupi, kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani. Na Among alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka. Atai ndiye aliyemshika mkono siku ile, na hakutaka kuushika tena mkono huo kwa sababu hiyo. Hili tuliseme wazi: alikuwa akiogopa, kila siku, kuanzia anapoamka.

Alikuwa amejaribu ya kujaribu. Alimpelekea Among chombo cha chuma chenye bomba, kile kinachofungwa na kuunasa mvuke wa zebaki usitoke. Among alikitumia mara moja. Dhahabu ilitoka na weusi kidogo, na Rasto, mnunuzi aliyekuwa akija kutoka Busia ya Kenya kila Ijumaa na mizani yake mfukoni, aliigeuza geuza kidoleni, akasema hii ina kasoro, akaikata bei. Tangu siku hiyo chombo kile kilikuwa cha kutunzia chumvi.

“Basi mpe donge jeupe, achome mwenyewe,” Atai alimwambia mdogo wake.

“Hachukui nyeupe. Anataka ya njano.”

“Chomea nje, basi.”

“Nje kuna macho, dada. Na kwa jikoni ya mtu sipeleki. Dhahabu ikiingia kwa jikoni ya mtu inatoka imekonda.”

Mumewe Among alikuwa amefuata mashimo mengine huko Karamoja, na salamu zake zilikuwa zikifika mara chache kuliko mvua ya kiangazi. Kwa hiyo Among alichoma mwenyewe, amechuchumaa, tumbo kati ya magoti, mlango umerudishwa ili wapita njia wasione.

Ndipo Atai alipopata wazo ambalo mtu yeyote aliyeshika moto wa mwenzake angelipata. Alhamisi moja alasiri, dhahabu ya Among ikiwa bado iko karaini, alikitoa kijisahani cha Among kwenye kabati la joto, akadondosha dawa ya kuzima, tone moja, kisha la pili la kuhakikisha. Mstari ulishuka ukalala. Akakirudisha kabatini na kufunga mlango.

Simu iliita.

“Dada, imekufa tena.”

“Mashine ina hitilafu,” alisema Atai, na kwa kuwa hakuwa mwongo wa kuzoea, aliongeza maneno mengi yasiyohitajika kuhusu umeme wa Tororo.

Ijumaa Rasto alifika, akaliona donge jeupe, akasema atarudi wiki ijayo, hana haraka. Among alikwenda kuomba moto kwa Mama Sydney. Alibeba kaa jekundu kwenye kipande cha bati, akatembea nalo uani likiwaka vizuri, na lilipovuka kizingiti cha jiko lake likawa jeusi. Alijaribu tena kwa kiberiti kipya. Alijaribu kwa mafuta ya taa. Kisha akaacha, akala kwa Mama Sydney, ambaye alimpakulia bila kuuliza, maana kila mtu Tiira alijua moto uko wapi na nani kaushika.

Jumatatu Atai alivuka mpaka kwenda kuonana na Rasto. Alipita kwenye geti la waendao kwa miguu, akapita wauza mayai, wabadilisha pesa na malori yaliyokuwa yakingoja ruhusa, akamkuta Rasto dukani kwake, duka lenye vigae vyeupe na kiyoyozi. Rasto alikuwa mtu mstaarabu. Alimvutia kiti, akamuuliza anakunywa soda gani.

“Nimesikia wewe ndiye unashika moto ya Tiira,” alisema. “Hiyo ni kazi poa sana, dokta. Na unaweza ongeza kidogo siku za Ijumaa? Wanachelewa kuchoma, mimi nafika bado wanapuliza.”

“Nimekuja kukuomba uchome wewe hapa,” Atai alisema. “Wakuletee madonge meupe. Nitakuchorea mimi mwenyewe bomba la moshi la kupanda juu, nitakuja kulisimamia. Utanunua dhahabu ile ile.”

Rasto alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama mtu anayemkatalia mgeni chumba kwa sababu nyumba imejaa.

“Hapa haiwezekani, dokta. Unaona huo mlango?” Alionyesha pazia la maua nyuma ya kaunta. “Bibi yangu yuko huko na mtoto mchanga. Juzi tu ametoka hospitali. Hiyo moshi si nzuri kwa mtoi.”

Nyuma ya pazia mtoto alikohoa kidogo, kisha akaanza kunyonya; walimsikia wote wawili.

“Ulijuaje kwamba si nzuri?” Atai aliuliza.

“Si kila mtu anajua?” alisema Rasto, naye alikuwa anauliza kwa dhati. Akamfungulia soda. Atai hakuinywa. Alirudi Uganda amekasirika hivi kwamba alimpita afisa wa mpakani bila kumjibu salamu.

Basi akaamua moto wa Among usiwake kabisa, Ijumaa wala Jumapili, hadi mtoto azaliwe. Aliamini anaweza kuhimili kilio cha simu kwa miezi miwili. Kile ambacho hakukifikiria, yeye aliyeandika tasnifu nzima juu ya jambo hilo, ni kwamba moto ni mmoja, wa jikoni na wa mwilini.

Among alianza kusikia baridi. Jua la Tiira lilikuwa linapasua mawe, na yeye alikaa mlangoni amejifunga blanketi. Alikula kwa Mama Sydney, akashiba, na chakula hakikumpa kitu. Alishindwa kunyanyua ndoo. Halafu akashindwa kunyanyua kata. Kwenye zahanati muuguzi alimsikiliza tumbo kwa muda mrefu, akasema moyo wa mtoto upo, lakini uko mbali, arudi kesho kutwa.

Ijumaa asubuhi alimpigia simu dada yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Dada, mtoto ametulia.”

“Ametulia vipi?”

“Hachezi. Tangu jana.”

Atai aliinuka na kiti kikaanguka. Alikitoa kijisahani kabatini. Aliziosha seli, akamwaga maji, akaziosha tena, akadondosha dawa ya kufungulia. Mstari haukusogea. Dawa ya kuzima ilikuwa imekaa mno, imeshika mahali pake. Aliongeza sukari. Akaongeza joto. Profesa Okia alipita nyuma yake, akatazama skrini juu ya bega lake, akasema seli hizo zimekwisha, azitupe aanze upya na damu nyingine.

“Ni za mdogo wangu,” alisema Atai.

“Najua,” alisema Profesa Okia kwa upole. “Mtoe nyingine.”

Atai alikirudisha kijisahani kabatini, glavu zikiwa bado mikononi. Kisha akazivua, akazitupa, akatoka bila hata kuzima skrini.

Nyumbani kwake Tororo alipikia gesi, kwa hiyo hakuwa na ukuni wa kwake. Alikodi bodaboda hadi Molo, kwenye nyumba ya mama yao ambayo haikuwa na mtu tangu Akurut afariki. Jiko lilikuwa limebaki wima, paa linapitisha mwanga. Kati ya mafiga matatu palikuwa na ukuni ulioungua nusu, kama mama yao alivyouacha mwaka aliofariki. Atai aliuokota. Ulikuwa na joto la kiganja. Aliufunga kwa kanga, akaupakata, akamwambia dereva waende Tiira, na asizubae.

Walipofika jua lilikuwa linashuka. Among alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, midomo imepauka. Mama Sydney alikuwa anamsugua miguu. Alipomwona Atai hakumsalimia kwanza; alitazama alichobeba.

“Sasa umekuja vizuri,” alisema.

Atai alipiga magoti, akauweka ukuni kati ya mafiga. Hakupuliza. Alikaa akisubiri, na kama mama yake angekuwapo angelia mbele yake bila aibu. Ukuni ulitoa moshi mwembamba. Ncha yake ikawa nyekundu. Kisha moto ukashika, wa kawaida tu, wa kupikia.

Rangi ilianza kurudi midomoni mwa Among. Alilegeza blanketi, akaliacha lianguke mabegani, na baada ya muda akashtuka kidogo, akaweka mkono ubavuni.

“Amepiga,” alisema.

Atai aliweka mkono wake hapo. Mtoto alipiga tena, teke dogo, la mtu aliyeamshwa. Atai alilia sasa, kwa sauti, na Mama Sydney alimwacha alie, akaenda kutoa kaa moja la moto kwa ajili ya jiko lake mwenyewe. Alikuwa amekuja na ukuni wake. Wanawake wengine walifuata, kila mmoja na wa kwake, wakachukua wakaondoka.

Simu ya Atai iliita. Alikuwa Profesa Okia. Alisema mistari yote imelala kwa pamoja, meza nzima, na seli zimekufa kama seli zinavyopaswa kufa. Alisema ni hasara kwa mradi, ila angalau sasa grafu zitaeleweka. Atai alimshukuru. Alijua maana yake: kuanzia jioni hiyo moto wa Tiira ulikuwa wa Tiira, na yeye hakuwa na uwezo tena wa kuuzima wala kuupunguza, hata akitaka.

Nje pikipiki ilizimwa. Rasto alibisha hodi kwa ustaarabu, akasema amesikia moto umerudi na amefurahi sana, akauliza kama leo kutakuwa na kitu.

Among aliingiza mkono nyuma ya mtungi, akatoa fundo la kitambaa. Madonge meupe yalikuwa mawili sasa, la wiki iliyopita na la mwanzo wa wiki hii, kabla nguvu hazijamwisha. Akavuta kisufuria kidogo kilichoungua chini.

“Among,” alisema Atai.

“Dada, nitakula nini? Na huyu atavaa nini?”

Atai alikuwa na mshahara, na mshahara huo alikuwa ameshautaja mara nyingi, na Among alikuwa ameshaukataa mara nyingi kwa sababu hakutaka kulelewa na dada yake kama mtoto yatima. Alichukua kisufuria mkononi mwa mdogo wake.

“Basi wewe toka nje. Nachoma mimi.”

“Wewe unajua kuchoma?”

“Najua kinachotokea.”

Among alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Alinyanyuka mwenyewe, bila kushikwa, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje. Atai aliyaweka madonge juu ya moto wa mama yao. Yalinung'unika kidogo, yakaanza kupungua. Alibana pumzi hadi macho yakamtoka, kisha akavuta, maana mtu hawezi kubana milele. Taratibu weupe uliondoka na manjano yakajitokeza, safi, bila weusi wowote.

Jiko halikuwa na dirisha wala bomba. Mvuke ulipanda, ukaligusa paa, ukajitembeza kutafuta njia, ukatoka kwa mlango, hapo alipokuwa amekaa Among na mikono yake juu ya tumbo. Rasto, aliyekuwa amesimama kando yake na mizani tayari, alitoa kitambaa mfukoni, akaziba pua, akahamia upande ule unakotoka upepo.